Nusu Ukurasa

Jina lilianza kwa mzaha mwezi Mei, katika kikao kimoja, likahamia mbele ya duka la mkate, na kufikia mwisho wa Juni lilikuwa limeshika. Katika mji wa Roccaferna kila ukoo una jina lake la mtaani, lisiloandikwa popote, ambalo watoto hulirithi pamoja na pua na umbo la miguu. Kuna Wala Vitunguu, kuna Kina Kiziwi, kuna ukoo uitwao Mbuzi Wawili kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka. Kina Colalillo, tangu zamani, waliitwa Wahunzi. Sasa waliitwa Nusu Ukurasa. Aliyewaletea jina hilo, ingawa hakulitamka kwa mdomo wake, alikuwa mwalimu Ersilia Zappitelli.

Ersilia alikuwa amefundisha Kilatini katika sekondari ya mji jirani mpaka alipostaafu. Baada ya hapo alianza kusoma hati za zamani za ndoa, kwanza za ukoo wake, kisha za yeyote aliyemwomba. Watu walikuja kutoka Argentina na Kanada wakiwa na jina moja na mwaka wa kukisia, naye akawatafutia babu wa babu zao. Aliujua mwandiko wa kila karani aliyewahi kushika kalamu katika ofisi ya meya. Alijua kwamba neno fupi la herufi mbili mbele ya jina la baba lina maana kwamba baba huyo ameshakufa, na kwamba tarakimu saba iliyofuatwa na herufi chache ni Septemba wala si Julai, kosa ambalo wageni wote hulifanya. Hadithi za familia hakuzipenda. Hadithi, alisema, hunenepa kila inaposimuliwa. Hati hubaki na uzito uleule.

Ndiyo maana Chama cha Mtakatifu Roko kilimwita yeye.

Chama hicho kilianzishwa baada ya kipindupindu cha mwaka 1837. Wanaume walioibeba sanamu ya mtakatifu mwaka ule, wakipanda nayo barabara kuu huku watu wakifa nyumba kwa nyumba, waliwaachia wazao wao nafasi zao chini ya mipiko, miti ya machela ya sanamu. Mpiko wa mbele upande wa kulia ulikuwa wa Nicolangelo Colalillo. Nyuma yake alikuwa Donatantonio Zappitelli. Hivyo kila sikukuu ya Roko, katikati ya Agosti, Zappitelli mmoja amepanda kilima akitazama kisogo cha Colalillo mmoja. Baba yake Ersilia alikufa akikijua kisogo hicho kuliko uso wa mkewe.

Msimu wa baridi uliopita, Rocco Colalillo, mbebaji wa mwisho wa jina hilo, alifariki bila mtoto. Dada yake Pasqualina, mjane aliyekaribia miaka themanini na aliyeishi ng'ambo ya barabara kutoka kwa Ersilia, alimtaja mwanawe Donato, fundi bomba, achukue nafasi ya mjomba wake. Mwenyekiti wa chama, Ottavio Iacobucci, alifungua katiba ya zamani. Nafasi huenda kwa mzao wa ndoa halali wa mbebaji wa kwanza. Ukoo ukikosa mzao kama huyo, aliye nyuma husogea mbele. Aliyekuwa nyuma sasa ni Gerardo, kaka yake Ersilia.

"Mwalimu atusomee," Ottavio alisema. "Yeye hana upande."

"Mimi ni dada yake Gerardo," Ersilia alikumbusha.

"Tunajua. Lakini wewe ni wewe."

Maneno hayo yalimpendeza. Baadaye, kati ya yote yaliyosemwa, hayo ndiyo yaliyomchoma zaidi.

Hati za ndoa za enzi ile, wakati Napoli ilikuwa na mfalme wake, ziliandikwa kwenye ukurasa uliogawanywa katikati. Upande wa kushoto bwana na bibi harusi walisimama mbele ya meya na kuahidi kuoana. Upande wa kulia uliachwa wazi mpaka padri alete taarifa kwamba amewafungisha ndoa kanisani; hapo karani aliandika tarehe na kutia sahihi. Ahadi peke yake haikuwa ndoa. Kwenye picha za madaftari zilizowekwa mtandaoni, Ersilia aliipata ahadi ya Nicolangelo Colalillo na Maria Giuseppa Fratangelo, ya Julai 1837. Upande wa kushoto ulijaa mwandiko. Upande wa kulia ulikuwa mweupe.

Alihisi kitu chepesi kikimpanda kifuani, kama mwanafunzi aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Akahifadhi picha ya ukurasa ule, akazima kompyuta.

Jumapili hiyo alisimama katika ukumbi wa chama akasoma. "Waliahidi," alisema. "Hapana maandishi yoyote kwamba walifungishwa ndoa."

"Kwa hiyo Wahunzi wote ni nusu ukurasa!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Pasqualina alikuwa amekaa safu ya pili, mkoba umelala mapajani. Hakucheka wala hakulia. Aliuliza tu, "Mwalimu, una hakika?"

"Mama Pasqualina, mimi nasoma kilichoandikwa."

Na kilichokuwepo pale ni mahali pasipoandikwa kitu. Hilo Ersilia hakuliona mpaka Julai.

Kila Alhamisi alasiri alifundisha darasa dogo katika maktaba ya mji: wastaafu, mke wa daktari wa mifugo, na Loredana mwenye duka la dawa, ambaye aliuliza kuliko wote. Kanuni ya kwanza ya darasa ilikuwa ukutani, kwa mwandiko wa Ersilia mwenyewe: Usisome hati moja. Soma kurasa kumi kabla yake na kumi baada yake, umjue karani kabla hujamwamini. Kwa somo la Julai alichagua daftari la 1837, kwa sababu, alijiambia, karani wa mwaka ule alikuwa na mwandiko safi.

"Mwalimu, nina swali la kijinga," Loredana alisema.

"Hakuna swali la kijinga. Kuna mtu ambaye hakusoma."

"Mimi nimesoma. Nimeenda mbele, nimerudi nyuma, kama ulivyotuamuru. Mbona kuanzia katikati ya Juni upande wa kulia ni mtupu kwa kila mtu? Mpaka Oktoba! Kwani mji mzima uliishi bila ndoa?"

"Ndiyo maana tulizaana hivi," alisema mke wa daktari, na wote wakacheka.

"Halafu tazameni huyu." Loredana alisogeza picha ya daftari iliyoangazwa ukutani. "Ukurasa unaofuata ule wa Colalillo. Donatantonio Zappitelli. Si wenu huyu, Mwalimu? Naye upande wake ni mtupu."

Ersilia alitazama. Hakuwahi kuutafuta ukurasa ule, kwa kuwa cheti cha kanisa cha ndoa hiyo kilitundikwa kwenye fremu sebuleni kwa mama yake tangu yeye ni mtoto. Tarehe aliijua kwa moyo. Ilikuwa Julai ileile. Alisogeza picha mpaka Oktoba, na hapo upande wa kulia ukajaa tena, lakini jina la padri lilikuwa jingine.

"Padri alikufa," alisema. Sauti yake ilitoka kavu, ya darasani. "Kipindupindu. Aliwafungisha ndoa, akafa kabla ya kumpelekea meya taarifa. Aliyemfuata hakuhangaika na za nyuma."

"Ahaa. Kwa hiyo nafasi tupu haimaanishi kwamba hawakuoana."

"Haimaanishi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Wote walikuwa ukumbini mwezi Mei. Loredana aliinamisha macho kwenye daftari lake. "Basi Mama Pasqualina..." alianza.

"Muda umekwisha," Ersilia alisema, ingawa haukuwa umekwisha, na akachomoa waya wa mashine ya kuonyeshea picha. Picha ikatoweka ukutani. Kanuni yake ikabaki.

Akirudi nyumbani alipita mbele ya duka la mkate. Wazee wawili walikuwa wakimngoja fundi. "Umempigia simu Nusu Ukurasa?" mmoja alimuuliza mwenzake. "Nimempigia. Anakuja na bomba zima au nusu?" Walimwona Ersilia wakavua kofia kwa heshima, kama walivyomvulia siku zote. Alitamani wasingevua.

Kesho yake asubuhi alikwenda kanisani. Kutoka mlangoni kwake mpaka sakristia ni mwendo wa mtu kumaliza sentensi moja. Padri Ubaldo alimwekea kitabu cha ndoa mezani, akapangusa vumbi kwa mkono wa kanzu.

"Tangu nihamie hapa hakuna aliyekiuliza," alisema.

Mwandiko wa padri wa 1837 ulikuwa umenyooka mwezi Juni. Julai ulianza kuyumba. Nicolangelo na Maria Giuseppa walikuwemo, na mashahidi wao, na baraka. Siku chache baadaye Donatantonio Zappitelli alikuwemo. Ndoa ya mwisho ilikatika katikati ya mstari, jina la bibi harusi halikumalizika. Ersilia alikaa akautazama mstari ule kwa muda. Hakuwa na shaka yoyote ya kumsaidia.

"Umepata ulichotafuta?" Padri Ubaldo aliuliza.

"Nimepata nilichopaswa kutafuta Mei."

Padri alikifunga kitabu. "Wewe huji misani, kwa hiyo hujui. Mama Pasqualina ameniletea nia. Misa kwa ajili ya roho ya Maria Giuseppa Fratangelo, aliyeishi na mume bila sakramenti. Nimeshaitangaza altareni mara mbili. Nyingine ni Jumapili hii."

"Usiitangaze."

"Si mimi wa kuambiwa, Mwalimu. Mwambie yeye."

Lakini alianza na Gerardo. Baadaye alijiuliza kwa nini, na jibu halikumpendeza: kwa kaka yake alitumaini kuonewa huruma.

Gerardo alikuwa uani, amejitwisha mfuko wa saruji begani, akizunguka mti wa mtini ili bega lizoee. Alimsikiliza bila kuutua.

"Sema baada ya sikukuu," alisema.

"Gerardo."

"Mara moja tu, dada. Nimetazama kisogo cha Rocco tangu nyweleni mpaka kwenye upara. Niache nitangulie mara moja, halafu sema karani, sema kipindupindu, sema chochote unachotaka."

"Siwezi."

"Kwani ulijua?"

"Sikujua."

"Basi si kosa lako."

"Sikujua kwa sababu sikufungua ukurasa uliofuata. Watoto wa shule nimewaadhibu kwa kosa dogo kuliko hilo."

Gerardo aliutua mfuko. Vumbi jeupe lilimtapakaa shingoni. "Unataka nikwambie? Siku ile ulipokuja kunionyesha picha, niliuona uso wako. Mimi nilifurahi kama mjinga anayepewa peremende. Wewe ulifurahi kuliko mimi." Akauinua tena mfuko. "Nenda kaseme. Ila usiniambie unafanya kwa ajili ya haki. Unafanya kwa sababu yule mwenye duka la dawa ameona."

Ersilia aliondoka. Alijaribu, njia nzima, kupata hoja ya kumpinga, na yeye alikuwa mtu wa hoja.

Pasqualina alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake akimenya maharage mabichi, bakuli kati ya magoti. Kila Jumamosi, kwa miaka mingi, mwanamke huyu alimwachia Ersilia mayai mlangoni, yamefungwa kwenye kitambaa cha samawati. Hata baada ya Mei hakuacha. Ersilia alikuwa ameyapanga kwenye sahani jikoni, hakuweza kuyala, hakuweza kuyatupa.

"Mama Pasqualina, walifunga ndoa."

"Akina nani?"

"Nicolangelo na Maria Giuseppa. Hapa hapa kanisani, Julai. Nimeona kwa macho yangu. Nilikosea."

Vidole vya Pasqualina viliendelea na kazi. "Hata Mei uliona kwa macho yako."

"Mei sikutazama vya kutosha. Padri alikufa kabla ya kuleta taarifa, kurasa zote za kiangazi kile ni tupu. Hata wa kwetu. Ningefungua ukurasa mmoja tu ningejua."

"Ukurasa mmoja."

"Mmoja."

Ganda la harage lilidondoka nje ya bakuli na hakuna aliyeliokota. "Sasa Mungu nimwambie nini?" Pasqualina aliuliza. "Nimemwombea yule mama msamaha kwa dhambi ambayo hakuitenda. Nimemtia aibu mbele ya watu na mbele ya mbingu. Nimwambie mwalimu alichoka mkono?"

"Sikuchoka. Mwambie mwalimu alipenda alichokiona."

Hapo Pasqualina aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Donato alitaka kwenda mkoani kutafuta mtaalamu mwingine. Nikamwambia kaa chini. Nikamwambia huyu mtoto wa Zappitelli nimemwona akikua; akivunja kikombe hujishtaki kabla vipande havijatulia."

"Sikusema uongo."

"Ndiyo, hukusema. Ungesema uongo ningekukasirikia siku ileile, mambo yakaisha. Mimi nilikuamini, mwanangu. Niliwakasirikia wafu wangu."

Ersilia alisimama juani mikono imening'inia. "Mbona uliendelea kuniletea mayai?"

"Kwani ulikuwa umenikosea nini? Ulisoma tu." Pasqualina alijipangusa mikono kwenye aproni. "Utayasema wapi haya?"

"Palepale."

"Mbele ya walewale?"

"Walewale."

"Haya. Nitavaa viatu vizuri."

Ukumbi ulijaa kuliko mwezi Mei, maana Loredana hakuwa mtu wa kukaa na jambo tumboni. Ersilia aliwaonyesha kitabu cha kanisa, kisha kurasa za meya, moja baada ya nyingine, zote zikiwa na upande mmoja mweupe. Alipofika kwa Donatantonio alisimama.

"Huyu ni wa kwetu," alisema. "Kama kina Colalillo ni nusu ukurasa, kina Zappitelli ni nusu ukurasa vilevile. Ukurasa wetu uko mgongoni mwa wao. Sikuufungua."

"Kwa nini, Mwalimu?" Ottavio aliuliza. Aliuliza kwa upole, akimpa nafasi ya kusema macho, umri, wingi wa kazi.

"Kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitaka."

Alingoja wacheke. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Aliona kuwa kingekuwa malipo ya kadiri. Hakuna aliyecheka. Watu walitazama viatu vyao, kama watu walioingia chumba na kumkuta mtu mzima hajavaa. Gerardo aliinuka akatoka nje. Pasqualina, safu ya pili, aliufungua mkoba wake, akatazama ndani, akaufunga. Kisha Ottavio akasema kwamba mpiko wa mbele upande wa kulia ni wa Donato, na kikao kikaisha mapema.

Siku ya Roko ilikuwa na joto. Sanamu ilipanda barabara kuu na mbwa wake mdogo wa mbao miguuni, Donato mbele, na Gerardo nyuma yake akikitazama kisogo kipya. Ersilia alisimama kivulini karibu na duka la mkate. Machela ilipoyumba kwenye kona, vijana walipaza sauti: "Kaza bega, Nusu Ukurasa!" Donato aliinua mkono mmoja akacheka, na wasichana wake wawili wakalirudia jina hilo kwa fahari. Walilisema kama watu wanavyosema jina lao. Kwa Gerardo hakuna aliyelisema. Ersilia alikuwa ametumaini kwamba jina lingehamia kwao, au angalau lingegawanywa. Halikugawanywa. Alitambua kwamba wajukuu wa wasichana wale wataitwa hivyo, bila kujua kwa nini, na kwamba hakuna kitabu atakachokifungua mtu siku hiyo kupata jibu.

Jumamosi iliyofuata, alipofungua mlango, ngazi ilikuwa tupu.

Alisimama akiitazama. Maana yake ilimjia mara moja, kamili, na hapo hapo akaishuku. Kuku huacha kutaga wanaponyonyoka manyoya. Mzee anaweza kuugua. Kitambaa kinaweza kuwa kwenye kamba ya nguo. Mahali patupu si ushahidi. Basi akavaa viatu, akavuka barabara, akabisha hodi.

Pasqualina alifungua. Alikuwa mzima, ameshachana nywele.

"Shikamoo, Mama Pasqualina. Nimekuja kuuliza. Kuku wako, wameacha kutaga?"

"Hapana," Pasqualina alisema. "Wanataga vizuri sana."

Alimwangalia kidogo, bila hasira, kisha akaufunga mlango polepole.